Koti la Mhandisi

Mnunuzi wa overloki alifika Jumapili saa nne asubuhi, na kwa bahati mbaya aliyemfungulia mlango alikuwa Mwalimu.

"Nimefuata mashine," mnunuzi alisema, akichungulia ndani juu ya bega la Mwalimu. "Tumeshaelewana na Mama Koti. Pesa ninazo hapa."

"Mashine gani?"

"Ile pale, yenye nyuzi nne."

Mwalimu aligeuka. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake kilikuwa vilevile alivyokijua tangu utoto: meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, sanamu la mbao la kuvalishia makoti, jedwali la vipimo lililofifia ukutani, na mashine mbili. Moja ilikuwa cherehani ya kushonea. Ya pili ndiyo hiyo overloki, ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, ambayo mama yake aliinunua baada ya kujinyima miaka sita. Bila overloki, koti la Mama Koti lingekuwa koti la fundi yeyote. Mtaa mzima ulijua hivyo, na Mama Koti alijua kuliko mtaa.

"Nenda kwanza, ndugu yangu," Mwalimu alisema. "Tutakuita."

"Lakini nimeacha shughuli zangu..."

"Tutakuita."

Mama Koti alikuwa jikoni na mkwe wake, mke wa Mwalimu, wakimenya viazi. Alisikia mlango ukifungwa, akajua. Alifuta mikono, akaja mbele na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mrefu, mgongo umenyooka, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni hata siku ya mapumziko, kama wenzake wanavyovaa mkufu.

"Mama, unauza overloki?"

"Ni mashine yangu."

"Sijakataa. Nauliza kwa nini."

Mwalimu alifundisha hesabu sekondari, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali ambalo jibu lake analo tayari. Safari hii hakuwa nalo. Jibu lililetwa na simu. Ililia juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi, kioo kikawaka, na maneno yakajianika yenyewe kwa zile herufi kubwa alizomwekea mama yake kwa ajili ya macho: "Ua langu, mnunuzi keshakuja?"

Mama Koti alinyoosha mkono. Mwalimu alikuwa karibu zaidi.

Simu ile haikuwa na namba ya siri. Mtu anayeishi peke yake atamficha nani? Mwalimu alipandisha kidole, akapandisha tena, na badala ya kusoma kimoyomoyo kama mtu mwenye adabu, alisoma kwa sauti ya darasani.

"'Umeamkaje, ua lisilonyauka. Umekula, malkia wangu? Usishone sana, macho yako ndiyo taa yangu.'"

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha viazi. Alijitahidi kujizuia, akashindwa, kicheko kikamponyoka puani. Alikimeza upesi, lakini kicheko kikishatoka kimetoka, na Mama Koti alikisikia.

Aibu ni nyingi duniani, ila ya kusomewa maneno yako ya mapenzi na mtoto uliyemfunga nepi kwa mikono yako, mkweo akisikiliza, hiyo ni ya peke yake. Mama Koti hakulia wala hakufoka. Alirekebisha futi shingoni ikae sawa pande zote mbili.

"Ni nani huyu?" Mwalimu aliuliza.

"Mhandisi. Anakagua madaraja."

"Mlionana wapi?"

"Kwenye mtandao wa kutafuta wenzi. Kuna upande wa waliozidi miaka hamsini."

"Kuonana kwa macho, Mama."

"Bado. Yuko kazini mbali."

"Hata kwa video?"

"Kamera ya simu yake imevunjika."

"Kamera imevunjika," Mwalimu alisema, "lakini kidole cha kuombea pesa kizima. Hapa anasema benki imefunga akaunti yake, na asipolipa vibarua wiki hii anafungwa. Wewe ndiye unayemlipia vibarua?"

"Atarudisha."

"Umeshamtumia chochote?"

Mama Koti alitazama nje dirishani. "Hapana."

Huo ulikuwa uongo. Alikuwa ametuma mara moja, ujira wa suti mbili, mwezi uliopita, Mhandisi alipougua malaria. Kwa namna alivyosema hapana, mkwe wake alijua ni ndiyo. Mwalimu, pamoja na hesabu zake zote, hakujua.

"Basi sikiliza," Mwalimu alisema. "Baba hayupo, na mimi ndiye ninayebaki kuulizwa. Kuanzia mwezi ujao unahamia kwetu. Hiki chumba tutakipangisha. Na simu nakaa nayo mimi, kabla hujauza na meza."

"Rudisha simu yangu."

"Mama, unaingizwa mjini mchana kweupe!"

"Nimesema rudisha. Wewe darasa la tatu ulipata sifuri ya hesabu, mwanangu. Sikukunyang'anya kalamu."

Mkwe safari hii hakucheka. Mwalimu aliweka simu mezani, si mkononi mwa mama yake, mezani.

"Nipe mpaka Jumapili ijayo," Mama Koti alisema. "Nilimwomba vipimo, akanitumia. Nitamkatia koti. Mtu ukimkatia koti utamjua tu. Akiwa mtu, nitakwambia ni mtu. Akiwa tapeli, nitakuwa wa kwanza kulitamka, mbele yako na mbele ya mkeo."

"Na ukishindwa kumjua?"

Alikizungushia chumba kile macho, kutoka kwenye kioo hadi kwenye sanamu la mbao. "Nitafunga virago mwenyewe. Hutanibeba."

Wakati wa kuondoka, mkwe alibaki nyuma kidogo akijifanya kutafuta kiatu. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "wiki hii usitume kitu. Hata kidogo. Nakuomba."

"Nenda, mumeo anakusubiri," Mama Koti alijibu. Alikuwa bado anakisikia kile kicheko.

Jumatatu hakufungua mlango wa kazi. Alikaa kwenye kigoda chake akiwa na hasira, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, ilimchukua nusu saa tu kutambua kwamba hakumkasirikia mwanawe peke yake.

Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke. Mumewe alikuwa na miaka tisa kaburini. Wateja waliingia, wakapimwa, wakalipa, wakatoka. Mwanawe alikuja Jumapili na maswali. Katika miaka tisa, Mhandisi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza kila asubuhi kama amekula. Ukiwa na watu wengi nyumbani huwezi kujua uzito wa swali hilo. Watu husema ng'ombe hazeeki maini, kisha ng'ombe mwenyewe akijaribu kuyaonyesha hayo maini, wanamcheka puani.

"Basi tukate," alijiambia.

Alitandika kitambaa mezani. Kilikuwa kipande bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, cha rangi ya kijivu, laini, alichokihifadhi miaka minne akimngoja mtu wa kukistahili. Akafungua daftari la vipimo.

Daftari hilo lilikuwa fahari yake. Ndani yake walikaa wanaume wa mji mzima, nusu inchi kwa nusu inchi. Hakuandika namba peke yake kamwe. Pembeni ya kila jina aliandika alichokiona: "bega la kushoto juu kidogo," "tumbo limetangulia," "anaegemea mguu wa kulia," "anavuta pumzi akipimwa, ongeza inchi." Meneja wa benki alikuwa na nundu ndogo mgongoni ambayo hata mkewe hakuijua, na makoti ya Mama Koti yaliificha kwa miaka kumi na mbili. Wanagenzi wote aliowafundisha aliwaambia neno moja: usiandike namba ambayo jicho lako halijaiona.

Ukurasa wa Mhandisi ulikuwa na namba tupu. Siku vipimo vilipoingia kwenye simu alifurahi mno, akaviandika mbio kama msichana anayenakili barua. Pembeni hapakuwa na neno hata moja.

Aliinua chaki, akachora mstari wa kwanza wa mgongo. Mkono ukasimama.

Kifua arobaini. Kiuno thelathini na nne.

Alichukua simu, akaifungua picha ya Mhandisi. Alikuwa mzee wa kupendeza, mvi zimechanwa vizuri, amesimama mbele ya daraja na tumbo lililokuwa likigombana na kifungo cha katikati. Mama Koti alikuwa ameitazama picha hiyo mara mia, lakini kama mwanamke. Sasa kwa mara ya kwanza aliitazama kama fundi. Tumbo lile lilikuwa inchi arobaini na nne, likipungua sana ni nusu inchi. Kiuno cha thelathini na nne kingemwingia Mhandisi mguuni.

Akarudi kwenye daftari. Mabega kumi na nane. Mkono ishirini na tano. Shingo kumi na tano na nusu. Urefu wa koti thelathini. Alizijua namba hizo. Hakukumbuka ni za nani, lakini alizijua kwa mpangilio wake, kama unavyojua namba ya nyumba uliyokulia.

Aliinua macho ukutani.

Jedwali lilikuwa pale, karatasi iliyogeuka manjano, aliyopewa chuoni akiwa na miaka ishirini. Vitabu vyote vya ushonaji vina jedwali kama hilo. Ni vipimo vya kufundishia, safu kwa safu, kuanzia mwembamba hadi mnene. Mama Koti alisogea, akaweka kidole kwenye safu ya arobaini, akakitembeza taratibu. Arobaini. Thelathini na nne. Kumi na nane. Ishirini na tano. Kumi na tano na nusu. Thelathini.

Zililingana zote, bila hata nusu kupotea njia. Mtu aliyeombwa vipimo alifungua kitabu, au alitafuta kwenye simu, akanakili safu nzima, akatuma.

"Hizi ni namba za kuanzia," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wanagenzi mbele ya karatasi ile. "Mtu wa namba hizi hajazaliwa."

Mama Koti alikaa chini. Aliona aibu, ndiyo, na moyo ulimuuma, kwa sababu swali la "umekula?" nalo lilikuwa limenakiliwa mahali. Lakini chini ya maumivu kilipanda kitu kingine, na kadiri kilivyopanda ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Kumdanganya mjane ni jambo moja. Kumdanganya fundi wa makoti kwa jedwali la wanagenzi ni kumtukana.

Hata hivyo mshitakiwa husikilizwa. Aliandika polepole: "Mhandisi, naanza kukata. Nipimie tena mikono, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Halafu nipigie video kwa simu ya mwenzako yeyote, dakika moja tu, nione unavyosimama."

Jibu lilikuja kabla hajapangusa chaki vidoleni. "Yote 25 ua langu. Mambo ya nguo baadaye. Mashine vipi?"

Alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kucheka. Mikono yote miwili ishirini na tano! Hata lile sanamu la mbao pale pembeni lilikuwa na bega moja lililoliwa na mchwa.

"Mashine haiuzwi," aliandika. "Na wewe si mhandisi."

Hapo ua lisilonyauka likanyauka. Mhandisi alimwita bibi kizee, akamwita mchawi, kisha akatishia: "Picha yako ninayo. Naisambaza kwa watoto wako na majirani wakuone malaya wewe."

Mama Koti aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akakumbuka. Alimtumia picha moja tu maisha yake yote: amesimama mlangoni, futi shingoni, kilemba kichwani, mkasi mkononi. Mhandisi aliomba nyingine, za chumbani, akamjibu kwamba za chumbani hutazamwa chumbani. Sasa alijishukuru.

"Isambaze," alijibu. "Na chini yake uandike kwamba nashona makoti, nipate wateja."

Hakumfungia njia papo hapo. Alisoma mahali kwamba ushahidi ukifutwa haurudi, kwa hiyo alihifadhi kwanza maneno yote, namba ya simu, na ujumbe wa ule ujira wa suti mbili. Alipomaliza ndipo akamfungia, akaupangusa mstari wa chaki kwenye kitambaa, akakikunja.

Kituo cha polisi kilikuwa na benchi moja na kaunta ndefu. Nyuma ya kaunta alikaa askari kijana mwenye daftari kubwa, akamsikiliza Mama Koti mwanzo hadi mwisho, huku mdomo ukimcheza pembeni.

"Mama," alisema, "na umri huu bado unatafuta mapenzi ya kwenye simu?"

Watu wawili kwenye benchi walicheka. Mama Koti hakugeuka. Alimtazama askari kuanzia shingoni, kama alivyomtazama kila mwanamume tangu ujana wake.

"Afande, kola yako imewekwa upande upande, na mkono wako wa kulia umeshonwa mfupi. Kila ukiandika inabidi uuvute. Umeuvuta mara tano tangu nimeingia."

Askari alijikuta ameshauvuta mara ya sita.

"Umri huu ndio ulioona hilo," Mama Koti alisema. "Sasa andika."

Askari aliandika. Alipofika kwenye namba ya simu ya Mhandisi aligeuza kurasa nyuma, akaweka kidole. Mdomo haukucheza tena.

"Namba hii imeshaletwa mara tatu hapa," alisema kwa heshima. "Wote walisimulia, wakaondoka. Waliogopa majina yao kuonekana. Bila mlalamikaji tulikuwa hatuna pa kuanzia."

"Mimi andika jina langu."

"Lote?"

"Lote. Na kazi yangu: fundi wa makoti."

Jumapili Mwalimu alikuja na maboksi matupu ya kuhamishia vitu, akayaacha kibarazani kwa staha, kama mtu anayeacha mwavuli. Alipoingia alikuta viti viwili vimepangwa, daftari liko wazi mezani, na jedwali limebanduliwa ukutani limelazwa pembeni yake.

"Vua shati la juu," mama yake alisema.

"Nini?"

"Baki na fulana. Simama hapa mbele ya kioo."

"Mama, tumekuja kuzungumza..."

"Ndiyo tunazungumza. Simama."

Mwalimu alimtazama mkewe amsaidie. Mkewe alikuwa ameshakaa kitini, mikono magotini, anangoja. Basi mwanamume wa miaka arobaini na mbili, anayeogopwa na wanafunzi mia sita, akasimama kwa fulana mbele ya kioo chenye ufa, na mama yake akamzungushia futi.

"Mkono wa kulia, ishirini na tano na robo," Mama Koti alitamka. "Wa kushoto, ishirini na nne na nusu. Bega la kushoto limepanda. Ndilo la ubaoni, la kushikia vitabu. Kifua thelathini na tisa. Kiuno..." Alitulia. "Toa pumzi, mwanangu. Usimdanganye fundi. Kiuno thelathini na nane."

Mkwe aliinamisha kichwa, mabega yakamtetema. Safari hii Mama Koti alimruhusu.

"Huyu nimemzaa mimi," alisema. "Nilimwangalia akikua, nikamlisha, nikamnyoosha. Na bado pande zake mbili hazilingani. Hakuna aliye hai anayelingana. Sasa njoo uone vipimo vya Mhandisi." Aliweka kidole cha Mwalimu juu ya jedwali kwa mkono wake, akakitembeza kwenye safu ya arobaini, kisha kwenye ukurasa wa daftari.

Hesabu Mwalimu alizijua. Hakuhitaji kutembezwa mara mbili.

"Amenakili," alisema.

"Amenakili. Nilijua Jumatatu kabla ya saa sita, peke yangu. Jumanne nilikuwa polisi. Kesi ina namba." Akavuta pumzi. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko polisi. "Na Jumapili ile nilikudanganya. Nilishamtumia ujira wa suti mbili. Nililizwa. Nasema mwenyewe, msije mkasikia kwingine."

Mwalimu alifungua mdomo. Uso wake ulishaanza kuvaa ile sura ya darasani, na angesema maneno ambayo angejutia, kama mkewe asingewahi.

"Mwambie Mama habari ya kiwanja," mkewe alisema.

"Kiwanja kipi?"

"Kile tulichouziwa mwaka juzi, sisi na watu wengine watatu. Kiwanja kimoja."

Mwalimu alianza kuvaa shati, akakosea vifungo, akavifungua tena.

"Sikutaka Mama ajue," alisema hatimaye.

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Na ulipolizwa," Mama Koti aliuliza, bila ukali, "nani alikuja na maboksi kwako?"

Mwalimu alikwenda kibarazani, ukasikika mlio wa maboksi yakikunjwa, moja baada ya jingine. Aliporudi aliichukua simu ya mama yake mezani, akampa mkononi, kwa mikono yake miwili, kama anavyompa mkuu wa shule karatasi za mtihani.

"Nisamehe, Mama. Kwa kusoma yale maneno."

"Kwa sauti," Mama Koti alimkumbusha.

"Kwa sauti. Kwa hiyo utaufuta ule mtandao?"

"Kwa nini niufute? Sokoni nikiibiwa nitaacha kula?" Aliipokea simu, akaitia mfukoni mwa aproni. "Ila sasa nimeshajua. Asiyeonyesha uso hapati moyo. Anayeomba pesa kabla sijamwona, namfungia hapohapo. Wa kuonana naye nitaonana naye mchana, penye watu, na nyie mtajua ni wapi. Sitajificha kwenu tena, na nyie msinicheke."

"Sitacheka," mkwe alisema. "Mama, siku hiyo nichukue mimi. Nitakaa meza ya pembeni."

Mama Koti alimtazama. Kile kicheko cha puani alikuwa amekibeba wiki nzima, na sasa alikitua. "Utakuja," alisema.

Zilipita wiki tisa. Walijitokeza wawili walioomba vocha, wakafungiwa njia. Mmoja alikuwa na mke. Kisha akaja mgawa barua mstaafu, ambaye neno lake la pili baada ya salamu lilikuwa: "Naomba tuonane kwa video kwanza, mama. Mimi nami sikujui, na matapeli wa kike nao wapo." Mama Koti alipenda hilo. Walionana. Alikuwa na masikio makubwa na nyuma yake palikuwa na kabati lisilofungika. Baada ya mwezi wa kuongea, akamwomba vipimo.

"Sijui kupima vizuri," mgawa barua aliandika. "Nimetumia kamba ya kiatu na rula. Mkono wa kulia 24 na kitu, wa kushoto 25. Nimerudia, sijakosea. Bega la kulia limeshuka. Nimelibebesha mfuko wa barua miaka thelathini na moja. Tumbo sitaki kusema."

Mama Koti aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akausoma tena.

Hata hivyo hakumwamini kwa maandishi. Vipimo vinaweza kutungwa, na anayejua kutunga atatunga na bega. Walikubaliana kukutana mgahawani, saa tano asubuhi, penye madirisha makubwa. Mkwe alikaa meza ya tatu na soda. Ishara walishapanga: Mama Koti akiweka mkoba juu ya meza, kuna tatizo, akiutundika kwenye kiti, shwari. Mwalimu alikataa kuingia, lakini alikuwa nje, amechuchumaa, akikagua tairi la gari lisilo na kasoro yoyote.

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamume wa miaka sitini na kitu, amevaa koti la kahawia, akasimama akitafuta kwa macho. Mama Koti hakuinua mkono. Alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi katikati ya ukumbi, kwa jicho lililopima mji mzima. Masikio yalikuwa yale ya kwenye video. Bega la kulia lilikuwa chini. Robo tatu ya inchi, na koti lilimvutia huko.

"Mama Koti," alisema alipofika.

"Ndiye. Hilo koti alikushonea nani?"

Mgawa barua alijitazama. "Nimelinunua dukani. Jana. Kwa ajili ya leo. Lina nini?"

"Limeshonewa mtu ambaye hajazaliwa."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko alivyotarajia mwenyewe, mpaka mhudumu akageuka. Akavuta kiti, lakini kabla ya kukaa akasita. "Umekuja na mtu? Ingefaa uwe umekuja na mtu."

"Mkwe wangu, yule wa soda. Na mwanangu yuko nje na tairi."

"Vizuri sana," mgawa barua alisema, akapumua. "Maana yule mama wa dirishani anayejifanya kusoma gazeti ni dada yangu."

Mama Koti aliutundika mkoba kwenye kiti. Meza ya tatu, mkwe aliagiza soda ya pili.

Jioni ile ile, taa ya chumba cha mbele ikiwaka, Mama Koti alikitandika kile kitambaa cha kijivu mezani, akafungua daftari ukurasa mpya. Aliandika namba alizopima mwenyewe kwa mkono wake, mgahawani, mbele ya watu wote, dada mtu akiwa amelishusha gazeti aone vizuri. Kisha pembeni, kama alivyofanya kwa kila mwanamume aliyewahi kumshonea, akaandika alichokiona kwa jicho lake.

"Bega la kulia chini, robo tatu ya inchi. Masikio makubwa. Ameniuliza kama nimekula, akaagiza kabla sijajibu. Ni mtu."

Akachukua mkasi, akakata.